Kabati la Vioo, na Vitabu Vilivyokuwamo

Kabati la mbao lenye milango ya vioo ni chombo kisichokosekana katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga. Mgeni akikaribishwa ukumbini hulikuta limekabili mlango, na aghalabu ndani yake mna vikombe vya kahawa ambavyo havijapata kunywewa kahawa, sahani za maua, mrashi wa fedha na picha ya harusi. Vitabu, ikiwa vimo nyumbani humo, utavikuta juu ya kabati hilo katika katoni, au katika gunia chini ya kitanda. Sisi hatuna ugomvi na vikombe. Tunalotaka kulisema ni kwamba mengi ya makabati hayo, hasa ya zamani, yaliundwa yawe makabati ya vitabu, na kwamba hamu hii ya watu kuyatafuta na kuyanunua kwa fedha nyingi imekuja pamoja na hasara isiyotajwa.

Hasara yenyewe ni hii. Mzee hufariki, warithi wakagawana, nyumba ikapangishwa au ikauzwa. Mchuuzi wa vyombo vya kale huja, akalitazama kabati, akaligonga kwa vidole, akataja bei. Yeye ataka mbao na vioo. Karatasi hana haja nazo. Basi kabati huzolewa vilivyomo, likapanguswa vumbi, likapakiwa mkokotenini. Vitabu vya fikihi, tenzi zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu, barua, hati za mashamba na daftari za biashara hubakia sakafuni, na sakafu ya nyumba ya mawe wakati wa masika si mahali pa kuweka karatasi. Miaka miwili mitatu ikipita, hapana cha kusomeka. Kwa hivyo anayenunua kabati la kale na anayeliuza, wote wawili hawana budi kuulizana swali moja kabla ya kuzungumza bei: vilivyokuwamo vimekwenda wapi?

Wazee wetu wa kale hawakuwa na makabati ya vioo. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, ukuta wa ndani ulitengenezwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zikapambwa kwa vyombo vya kaure na kuwekwa vitabu. Msahafu ulikuwa na marufaa yake, na hati za thamani zilitiwa kashani. Kidaka kina uzuri wake, lakini hakina mlango: vumbi, mende na mkono wa mtoto vyote hupata njia. Kasha nalo lina kifuniko na kufuli, lakini kitabu kilicho chini ya kasha husahauliwa kama kwamba hakipo. Kabati la vioo lilikuja kuondoa upungufu wa yote mawili. Hufunga, na huku humwonyesha mwenye nyumba alicho nacho.

Huko Uingereza, makabati ya vitabu yenye vioo yanayojulikana kuwa ya kale kabisa ni yale ya Samuel Pepys, mkubwa mmoja katika ofisi ya manowari mjini London. Mwaka 1666 Pepys alimwita seremala kwa jina Sympson amtengenezee makabati kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vimerundikana juu ya viti. Mwisho yakawa makabati 12, na hata leo yapo katika chuo cha Magdalene, Cambridge, pamoja na vitabu vyake kiasi cha 3,000. Yafaa kuiangalia sababu yake. Vitabu vilitangulia, kabati likafuata. Siku hizi wengi wetu twaanza na kabati, na halafu twatafuta cha kutia ndani.

Makabati yanayopatikana kwetu si ya namna moja. Yako yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza zama za ukoloni, yako yaliyotoka Bara Hindi, na yako, tena si machache, yaliyoundwa papa hapa na mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili kwa kuigiza yale ya kigeni. Mara mojamoja hutokea pia yale ya masanduku yanayopandishwa moja juu ya jingine, kila sanduku na kioo chake kinachoinuliwa juu na kusukumwa ndani. Hayo yalitiwa sifa na kampuni ya Globe-Wernicke ya Cincinnati, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, ikayauza mpaka London. Mawakili waliyapenda kwa sababu mtu akihama ofisi huyabeba sanduku kwa sanduku na vitabu vimo ndani. Kwa nyumba zetu za mji wa kale, zenye ngazi nyembamba za kupinda, twaona hapana kabati linalofaa kuliko hilo.

Na hapa tuwakumbushe wasomaji jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Vyumba vya nyumba za kale vimejengwa kwa kadiri ya urefu wa boriti, kwa hivyo ni virefu lakini vyembamba. Upana wake aghalabu ni mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Kabati lenye milango miwili mipana ya kufunguka nje hula nusu ya chumba kila linapofunguliwa, na kabati linaloudhi kufunguliwa halifunguliwi. Pima chumba kwanza, pima mlango wa nje, pima na kona ya ngazi. Kina cha sentimita 30 ndani ya kabati chatosha kwa vitabu vingi, hata kwa majalada makubwa ya tafsiri. Kilichozidi hapo kimekusudiwa sahani.

Wako wasemao kwamba kioo ni anasa, na kwamba mlango wa mbao tupu ungetosha. Sisi twaona kinyume chake, na sababu yetu ni mchwa. Mchwa hufanya kazi gizani. Hupanda kwa njia yake ya udongo nyuma ya mbao, akaingia kitabu kwa upande wa mgongo, akakila katikati na kuacha jalada likiwa zima. Mwenye nyumba huliona jalada akadhani kitabu kipo. Nyuma ya mlango wa mbao maafa hayo yaweza kuendelea mwaka mzima bila ya mtu kujua. Nyuma ya kioo, jicho la mpita njia, hata la mtoto, laweza kuuona ule mstari wa udongo siku ulipoanza. Kioo basi ni mlinzi, wala hakikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayechagua kabati la kale aanze kulitazama chini na nyuma, si mbele. Mbele ndipo fundi alipopiga vanishi. Lisogeze kutoka ukutani, piga magoti, tazama miguu na ubao wa chini. Kidole kikizama, mchwa wamekwishapita. Ukiona vitundu vidogo vya duara na unga laini umeanguka chini yake, hao ni wadudu wa mbao nao wangali kazini. Vitundu vya zamani visivyo na unga havina neno kubwa. Msaji hustahimili mchwa kuliko mbao nyingi, na mvule na mbambakofi nazo ni imara. Mbao laini za sanduku zilizopakwa rangi ya msaji utazitambua kwa uzito: kabati la msaji la kimo cha mtu halibebwi na watu wawili wakicheka.

Ubao wa nyuma una habari nyingi. Katika kabati la kale hasa ni mbao nzima zilizopigwa randa kwa mkono, na ukipitisha kiganja utahisi mawimbi ya randa. Plaiwudi nyuma maana yake ni kwamba kabati ni la karne ya 20, au limetiwa mgongo mpya. Skurubu yenye alama ya msalaba haikuwako kabla ya miaka ya 1930. Ukiikuta katika bawaba za kabati linalosemwa kuwa la zamani za Sultani, muulize muuzaji imefikaje hapo. Vuta saraka, ikiwa zipo, utazame pembe zake: meno ya kuumana yaliyokatwa kwa mkono hayalingani, lakini ya mashine yalingana yote. Tazama pia kama sehemu ya juu na ya chini zilizaliwa pamoja. Ni desturi ya wachuuzi kuchukua juu ya kabati hili na chini ya lile, wakaviunganisha na kuvipaka rangi moja. Ukizitazama nyuma, mbao za juu na za chini hazitakuwa za rangi moja wala za fundi mmoja.

Ama kioo chenyewe, cha kale hakikunyooka. Kiwanda cha Pilkington cha Uingereza kilitangaza mwaka 1959 njia ya kumimina kioo kikiwa moto juu ya bati lililoyeyuka, na ndipo kioo bapa kisicho na wimbi kilipoenea duniani kwa bei nafuu. Kilichotangulia hapo kina mawimbi, na mara nyingine viputo vidogo vya hewa. Simama kando ya kabati utazame taswira ya dirisha katika kioo: ikiwa nondo za dirisha zayumba unapotembea, kioo ni cha zamani. Kioo kimoja au viwili vilivyobadilishwa si aibu, kwani nyumba yenye watoto huvunja vioo. Lakini muuzaji anayesema vyote ni vya asili na vyote vimenyooka kama maji ya mtungini, asikubabaishe.

Rafu hazina budi kuwa nzito. Vitabu ni mzigo kuliko watu wanavyodhania, na rafu ya urefu wa mita moja ikijaa majalada ya Kiarabu yaweza kubeba kilo 30 na zaidi. Ubao wa unene wa inchi moja hustahimili. Wa nusu inchi hupinda kama mkeka. Na makabati mengi ya kisasa ya mbao za unga wa gundi hatuyapendi kabisa, maana yakinywa unyevu wa pwani hufura kama mkate katika chai na hayarudi tena.

Hoja moja dhidi ya kabati la vioo twaikubali. Yasemwa kwamba pwani kabati lililofungwa ni shamba la koga, na ni kweli. Unyevu wa hewa ukishapita asilimia 65 au 70, koga huanza kuota katika karatasi na ngozi, na Mombasa hufika kiasi hicho na kukipita mara nyingi. Ukuta wa matumbawe nao hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole pamoja na chumvi. Dawa yake ni nyepesi wala haihitaji mtaalamu. Kabati lisigusane na ukuta. Liache nafasi ya kiganja kizima, na lisiwekwe kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Lisiwekwe mkabala wa dirisha la jua, kwani jua hufifisha wino na kukausha ngozi. Fundi atoboe matundu machache juu na chini ya ubao wa nyuma, ayazibe kwa wavu mwembamba ili hewa ipite na mende asipite. Hili huishusha bei ya kabati machoni mwa mchuuzi, lakini wewe hukulinunua ili umuuzie yeye. Vitabu visibanwe, kidole kiweze kuingia kati ya kitabu na kitabu. Na wakati wa kaskazi, miezi ya Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, milango ifunguliwe na kila kitabu kitolewe, kipanguswe kwa kitambaa kikavu na kurudishwa. Bibi zetu walikuwa wakizianika nguo za sandukuni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba vitabu vianikwe kivulini.

Utepe wa plastiki wa kugandisha usitumiwe kamwe katika kurasa zilizochanika. Gundi yake huwa manjano, ikala karatasi, na haitoki ila na maandishi yake.

Kuhusu mpango wa ndani, msomaji Mwislamu hahitaji kufundishwa kwamba Msahafu huwekwa rafu ya juu na hauwekewi kitu juu yake. Lakini wako wanaouweka juu, wakaufungia na ufunguo, na Ramadhani hadi Ramadhani hauguswi. Chini yake viwekwe vitabu vya tafsiri na hadithi, kisha fikihi, kisha historia na mashairi, na magazeti ya zamani yalazwe, yasisimamishwe. Mwenye nakala hata moja ya Al-Islah, gazeti alilolitoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hapa Mombasa mwaka 1932, ajue ana kitu ambacho vyuo vikuu vya nchi za mbali vingefurahi kukiona. Karatasi za magazeti ni dhaifu na hujila zenyewe kwa asidi iliyomo ndani yake, kwa hivyo zisikunjwe.

Turudi kwa wauzao. Kabla ya kabati kuzolewa, kila kitabu kifunguliwe ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Huko ndiko wenyewe walikoandika majina, tarehe za kuzaliwa watoto, na mara nyingi neno wakfu. Kitabu kilichowekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi au kwa msikiti fulani si cha marithi, na hakuna mrithi mwenye haki ya kukiuza wala kukitupa. Karatasi nzito iinuliwe mbele ya mwangaza: nyingi zilizotumiwa na waandishi wa zamani zilitoka Italia, nazo zina alama ya miezi mitatu miandamo ndani yake. Ukiiona alama hiyo, usiitie gunia. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu, na kazi ya mikono yao haikwenda yote katika majumba ya makumbusho. Nyingine ilibakia majumbani.

Lamu ilipata kuwa na mtu ambaye kabati na kitabu vilikutana katika mikono yake. Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga mbao hodari, malenga, na mnakili wa hati. Tenzi nyingi alizozinakili zilichukuliwa na wataalamu wa Kizungu waliomlipa kwa kazi yake, na hivi leo anayetaka kuusoma mwandiko wake huenda London katika chuo cha SOAS, au Ujerumani. Hatuwalaumu waliozinunua, kwani wamezitunza. Lakini ni jambo la kujiuliza kwa nini mlango uliochongwa na fundi wa Lamu unajulikana thamani yake na kila mpita njia, na karatasi iliyoandikwa na fundi yule yule yafungiwa bisi.

Sheria yenyewe ina mwelekeo huo huo. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Kitu cha kale chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, hakitolewi nchini bila ya kibali. Kwa hivyo anayeambiwa kwamba kabati lake ni la miaka ya 1880, naye ana nia ya kumpelekea jamaa yake Muscat au Dubai, aende kwanza ofisi za makumbusho, mathalani hapo Fort Jesus. Ama vitabu na hati, maana ya kitu cha kale katika sheria hiyo yavitoa nje kwa kuvitaja: kitu cha kale ni kitu kisichokuwa kitabu wala hati. Kabati lina mlinzi huyo, vilivyomo havina. Twaona Bunge lingefanya vyema kulitazama jambo hili, na wabunge wetu wa pwani ndio wanaostahili kulianzisha.

Hata hivyo sheria huchelewa, na mchwa hachelewi. Msikiti wa Riyadha wa Lamu umeonyesha njia nyingine: katika miaka ya 2010 hati zake za mkono zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabakia Lamu. Familia yenye simu ya mkononi na mtoto mwenye subira yaweza kufanya mfano wa hayo Ijumaa alasiri. Nakala ziwekwe mahali pawili, na asili irudi kabatini.

Kwa asiyepata kabati la kale lililo zima, au aliyetajiwa bei ya kumtoa machozi, shauri letu ni kwamba asilazimishe. Seremala mzuri wa Mombasa au Malindi akipewa mvule mkavu na vipimo tulivyovitaja atamtengenezea jipya litakalowazika wajukuu. Kabati jipya lenye vitabu ni bora mara kumi kuliko la msaji la karne ya 19 lenye vikombe.

Na mnunuzi asisahau kitasa. Makabati mengi ya kale huuzwa bila ya ufunguo, au na ufunguo mmoja tu, na mwenye nyumba akishautia mfukoni hakuna mwingine wa kufungua. Mwambie fundi akate funguo mbili zaidi. Mmoja upewe mama wa nyumba, na mmoja utundikwe msumarini kando ya kabati, kwa kimo cha mtoto aliyekwisha kuhitimu juzuu yake ya kwanza.